Harufu Isiyokaa

Niliombwa nimimine mafuta ya udi ndani ya mtungi wa marashi usiokuwa wangu, nikakubali. Aliyeniomba alikuwa binti wa mwenye mtungi. Hakunitisha wala hakunibembeleza. Alisema mara moja tu, nami nikasema "sawa," nikakunja mikono ya shati kama mtu anayeanza kazi nzuri. Kama mtu angeweza kurudishiwa neno moja katika yote aliyoyasema tangu ajue kusema, mimi ningeomba nirudishiwe hilo.

Lakini nikianzia hapo utadhani ni habari ya mafuta tu. Lazima kwanza nikueleze kilichokuwa ndani ya mtungi.

Duka lilikuwa River Road, limebanwa kati ya mtu wa kuchapisha kadi za harusi na gesti moja ambayo haikuwahi kulala. Nilifika pale nikiwa nimemaliza kidato cha nne, nimetoka Makueni na sanduku la bati, nikaajiriwa kupima misumari. Mwenye duka alikuwa Mhindi, Mwislamu, aliyerithi duka kwa baba yake. Alinizidi miaka michache tu, lakini siku ya kwanza aliniita "kijana," na akaendelea kuniita hivyo hata mvi zangu zilipozidi zake. Mimi nilimwita Mzee.

Mbele ya duka palikuwa na bawaba, kufuli, kamba, rangi na madebe ya thina ya kuyeyushia rangi. Nyuma, ukipita mabomba yaliyosimamishwa ukutani, palikuwa na mlango mwembamba. Wateja wengi walidhani ni choo. Mzee alikuwa ameziba nyufa zake zote kwa mpira ili harufu ya thina isipenye, na ndani aliweka meza, mizani ndogo, na rafu za chupa nyeusi zilizofungwa kwa uangalifu kuliko dawa. Kile kilikuwa chumba cha marashi. Misumari ilimlisha, marashi yalimfanya aamke asubuhi.

Nilikuwa nimekaa pale muda mrefu kabla hajaniita nyuma. Siku hiyo alichovya karatasi nyembamba katika chupa, akaipeperusha kidogo, akanipa. Nikaivuta pumzi kwa nguvu.

"Usinuse kama mbwa," akasema. "Sikia."

Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, kimebomoka huku na huku, lakini hapo alikuwa sahihi kuliko walimu wangu wote. Sisi husema mtu anasikia harufu. Nilikuwa nimelitumia neno hilo tangu utotoni bila kulitii hata siku moja. Nikaisogeza karatasi mbali na uso, nikatulia, kama mtu anayesubiri kuitwa kutoka ng'ambo ya bonde. Harufu ikaja yenyewe.

"Umesikia nini?"

"Maganda ya chungwa, Mzee. Na moto."

Kwetu Makueni, tulipokuwa watoto, tulikuwa tukikunja ganda la chungwa karibu na mwali wa koroboi. Yale majimaji ya ganda yaliruka yakashika moto, yakalia tri-tri-tri, cheche za buluu. Mama alitufokea kwamba tutachoma nyumba. Nilimweleza Mzee. Akaichukua tena ile karatasi, akaisikia.

"Moto sikuweka," akasema. "Lakini kesho kuja tena huku nyuma."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kukaa naye asubuhi, kabla ya duka kufunguliwa, nikimpimia matone. Na ndivyo nilivyopata kusikia habari ya mlima.

Alipokuwa kijana baba yake alimtuma Ulaya kuona watengenezaji wa kufuli. Ndege ikapata hitilafu ya injini, ikatua katika kisiwa kimoja cha Bahari ya Mediterania. Abiria wakawekwa katika hoteli ndogo chini ya mlima wakingoja ndege nyingine. Asubuhi, kwa uchovu wa kukaa bure, akapanda mlima peke yake. Alisema mawe yalikuwa meupe mpaka yanaumiza macho. Malimau yalikuwa yamepandwa kwa matuta, ngazi juu ya ngazi, na kati ya mawe kulikuwa na vichaka vya majani makavu vinavyofika magotini. Kila alipopiga hatua suruali yake ilivipangusa, navyo vikatoa harufu. Halafu jua likapanda, upepo wenye chumvi ukapanda pia kutoka baharini, na vyote vitatu, limau, majani na chumvi, vikakutana mahali alipokuwa amesimama. Hakusogea tena mpaka walipokuja kumtafuta.

"Baba alinituma kuangalia kufuli," alikuwa akisema. "Mimi narudi na hadithi ya harufu. Unajua aliniambia nini? 'Harufu haifungi mlango.'"

Alicheka kila alipofika hapo, lakini mikono yake ilikuwa bado imeshika kitu kisichoonekana. Hakuwahi kurudi kule. Kwanza kulikuwa na duka, halafu mke, halafu kumuuguza mke, halafu kumzika. Alichotaka ni kusimama pale tena kabla hajafa, na kwa kuwa miguu haikuweza, aliamua pua ifike.

Ilimchukua sehemu kubwa ya maisha yangu. Limau halikuwa shida. Chungwa chungu, la kulisindikiza limau, aliliagiza kutoka mbali likiwa mafuta tayari, na rosemari ilimea katika kila ua wa Westlands. Kulikuwa na jani moja tu lililokosekana, lile la vichaka vya magotini, ambalo hakulijua jina. Alijaribu mkalitusi, akautupa. Alijaribu mrehani, akasema unanukia kama jikoni. Siku moja mteja wa kutoka Kajiado akaja kununua seng'enge, akaegesha gari nje likiwa limejaa nguzo za leleshwa, zile wanazojengea ua, mbichi, majani ya kijivu bado yananing'inia. Jua lilikuwa kali. Mzee alikuwa anampimia mtu kamba. Akaacha kamba sakafuni, akatoka nje na futi yake mkononi, akapita katikati ya mikokoteni na makanga wanaoita abiria, akazamisha uso mzima kati ya zile nguzo.

"Huyu Mhindi ana shida gani?" mwenye gari aliniuliza.

"Amefika," nikamwambia. Sikujua namna nyingine ya kulisema.

Aliyaloweka majani yale katika spiriti kwa miezi, akiyachungulia kama mtu anayeatamisha kuku. Na asubuhi moja akaniambia nifunge mlango, nizime feni, nikae. Akachovya karatasi.

Nimejaribu mara nyingi kueleza nilichosikia, na mke wangu amechoka kunisikiliza. Mimi sijawahi kuona bahari. Lakini pale nyuma ya mabomba, River Road, nilisikia kwanza limau, kali na jeupe, kama mtu amefungua dirisha kwa kishindo. Halafu ukali ukarudi nyuma, yakaja majani, makavu, machungu kidogo, yenye joto la jua juu yake. Na mwisho, mbali kabisa, kitu chepesi kama chumvi kwenye midomo. Chumba hakikuwa na kuta tena. Nilihisi nikisimama nitaona chini mbali sana. Vinyweleo vya mikono vilisimama. Nilikuwa mtu mzima, mzee wa kanisa kule Waithaka, na nilitaka kuvua viatu.

Halafu ikaondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake. Ilikaa muda wa kunywa chai ya kikombe kimoja, ikaenda zake, na karatasi ikabaki karatasi.

"Imeisha," nikasema, kwa huzuni kama ya mtoto.

"Ndiyo. Hata kule iliisha. Jua lilipanda juu, ikaenda." Alikuwa anapangusa macho kwa kitambaa cha meza. "Iko sawa?"

"Iko sawa, Mzee."

Maneno hayo yakawa desturi yetu. Hakuandika vipimo popote. Alikuwa na mtungi mkubwa wa kioo tuliouita mama, na tulifanya nao kama wanavyofanya kwetu na kibuyu cha maziwa mala: hukiachi kikauke wala hukioshi chote. Ukitoa kidogo, unaongeza kipya juu ya kile cha zamani, na cha zamani kinakifundisha kipya. Kila tulipoongeza, alichovya karatasi, akasikia, akanipa nami nisikie, akauliza, nikajibu. Kwa hiyo ndani ya mama kulikuwa daima na chembe ya asubuhi ile ya kwanza.

Binti yake alikuwa amefungua duka la marashi Westlands, chini ya jumba moja la maofisi, lenye vioo na taa nyeupe. Ni mtu mzuri, na sitaki mtu amfikirie vibaya. Nilimbeba mgongoni akiwa mdogo, na bado ananiita Anko. Alichukua chupa kidogo kidogo kutoka kwa mama, ule mtungi, akaziuza huko. Watu wa Westlands walizisikia wakafumba macho kama mimi. Halafu wakauliza lile swali ambalo kila mtu wa Nairobi huuliza akishika marashi, awe karani, mhubiri au mpiga debe: "Inakaa?"

Haikukaa. Wakazirudisha. Nilikuwepo siku moja kijana mmoja wa ofisini alipokuja na chupa yake.

"Madam, hii kitu ni noma, siwezi danganya," akamwambia binti. "Lakini nikifika kazini imeshatoroka. Ni kama sijaoga."

"Jipake tena," binti akasema.

"Kila saa? Mimi ni keki?"

Tulicheka wote watatu, na chupa ikarudi kwenye rafu.

Kisha korona ikaja. Mzee aliugua, akalala, akapona, lakini pua haikupona naye. Alirudi dukani akiwa amekonda, akaingia nyuma, akafungua mama, akainama. Nilimwona akingoja. Akainuka, akaenda mbele akafungua debe la thina, akaliweka chini ya pua. Hakuna. Thina, ambayo humtoa mtu machozi.

Kuanzia hapo kila asubuhi tulianza kwa debe lile. Nilimshikia. Yeye alifumba macho, akangoja, akatikisa kichwa, nikalifunga. Madaktari walisema huenda pua ikarudi, huenda isirudi. Halafu tulikwenda nyuma, nikachovya karatasi, nikasikia peke yangu, naye akakaa akiniangalia usoni kama mtu anayesoma barua kupitia uso wa msomaji.

"Iko sawa?"

"Iko sawa."

"Wewe ndiyo pua yangu sasa, kijana," akasema. "Usipate mafua."

Ni katika wakati huo binti alipokuja River Road, Mzee akiwa msikitini. Alisimama mlangoni pa chumba cha nyuma, akaugusa mtungi.

"Anko, hii kitu ya Papa itakufa. Watu wanaipenda lakini hawainunui mara ya pili. Weka udi. Kidogo tu, na miski, ikae. Weka kwa mama moja kwa moja, chupa mojamoja itakuchosha."

"Na Mzee?"

"Papa hatasikia," akasema. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kwa sauti ya chini, akiangalia sakafu, kama mtu anayetaja maradhi ya mzazi.

Nikasema sawa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilijiambia ni kwa ajili ya marashi yenyewe, yasife. Lakini pia alikuwa ameniambia nitakwenda Westlands siku za Jumamosi, nivae koti jeupe, nikae mezani mbele ya vioo nikieleza wateja, mimi niliyekuwa nimekaa maisha yangu yote nyuma ya mabomba. Nilitaka koti lile. Na sikufikiria hata kutenga chupa moja ya zamani kabla ya kumimina. Ingechukua muda wa kufunga kamba ya kiatu.

Udi ni mzito. Uliteremka ndani ya mama polepole, mweusi, ukajikunjakunja kama moshi unaorudi chini, na nikaukoroga mpaka usionekane.

Mzee aliporudi aliketi. Nikachovya karatasi. Mlima haukuwepo. Kulikuwa na limau dogo limekaa kwenye sebule iliyofungwa mapazia.

"Iko sawa?"

"Iko sawa."

Iliuzwa. Ilikaa mpaka kesho yake, ikakaa kwenye makoti na kwenye mikanda ya viti vya magari. Pale Westlands watu walinisalimu kwa heshima, nikieleza habari ya mawe meupe na malimau, mambo ambayo hayakuwa tena ndani ya chupa niliyoishika. Nyumbani Waithaka mke wangu aliliweka koti langu nje kwenye kamba.

"Zamani ulikuwa unarudi unanukia kama mtu aliyetoka shambani," akaniambia. "Sasa unanukia kama harusi ya watu wengine."

Nilimwambia hajui marashi. Akasema hajui, kweli, na akaliacha koti nje usiku kucha.

Halafu ikafika asubuhi ambayo nilikuwa nimeiombea kanisani. Nilifungua debe la thina kama kawaida nikalishika. Mzee akafumba macho. Nilikuwa nimeshaanza kurudisha kifuniko aliponishika mkono.

"Ngoja."

Akainama tena. Uso wake ukakunjamana. Akaanza kukohoa, na machozi yakamtoka, ya thina au ya mengine sijui.

"Mbaya," akasema. "Mbaya sana. Ah, mbaya sana."

Hajawahi mtu kulitamka neno hilo kwa furaha namna ile. Akaliacha debe, akaenda kwenye kreti la misumari, akachota konzi, akaisikia. "Chuma. Mafuta ya mashine." Akashika kamba ya mkonge, akaikumbatia. Akasikia gundi, sabuni, gazeti, ngozi ya viatu vyake mwenyewe, akiwa amevua kimoja. Akanijia, akasikia bega la shati langu. "Moshi. Ulikula mahindi ya kuchoma stejini." Ilikuwa kweli. Mteja aliyekuja kununua bawaba alisimama mlangoni akatuangalia, wazee wawili, mmoja na kiatu kimoja, tukicheka katikati ya mabomba, na mimi nilikuwa kama niliyeona kipofu akioneshwa mchana. Nadhani nimeona mambo machache makubwa katika maisha yangu, na hilo ni mojawapo. Kwa muda nilisahau kabisa.

Akasema, "Kuja. Twende mlimani."

Hapo nikakumbuka.

Niliweza kusema. Alikuwa anatangulia mbele yangu, njia nyembamba, na mgongo wake ulikuwa karibu kiasi cha kuugusa. Akaketi kwenye kiti chake. Akafungua mama mwenyewe, akachovya karatasi mwenyewe, akaipeperusha. Akatulia. Niliuona uso wake ukingoja, halafu ukitafuta, halafu ukirudi nyuma kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani kwa makosa. Akachovya karatasi nyingine. Akaangalia chupa za rafuni, akaangalia mikono yake.

"Nasikia udi," akasema polepole.

Nikaangalia kifuniko cha mtungi.

"Daktari aliniambia. Alisema ikirudi inaweza kurudi imepinda. Mtu anakula wali anasikia petroli." Akanipa karatasi. Mkono wake haukuwa na shaka nami hata kidogo. "Wewe sikia. Iko sawa?"

Nikaisikia. Nilichukua muda mrefu, kama ninayefanya kazi.

"Iko sawa, Mzee."

Akatikisa kichwa, akafunga mtungi, akakaza kifuniko vizuri. "Basi ni mimi," akasema.

Alikuwa na pua nzima, na ushahidi alikuwa nao mkononi, lakini aliliamini neno langu kuliko pua yake. Hilo ndilo tulilolijenga wawili asubuhi hadi asubuhi, miaka yote ile, na ndilo lililomwangusha. Wiki ile hakufungua chumba cha nyuma. Mwezi uliofuata akaacha kuja River Road kabisa, akabaki kwenye nyumba yake Westlands na binti yake. Binti aliniambia kwamba Mzee hali chakula vizuri. Anasukuma sahani, anasema hawezi kujua kama chakula ndicho kimeharibika au ni yeye. Alisema hivyo huku anapanga chupa, halafu akaacha kupanga.

"Anko, tumwambie?"

"Tutamwambia," nikasema. Tukaangaliana, na hakuna aliyemwambia.

Mke wangu ndiye aliyenimaliza. Nilimsimulia yote siku moja tukipukuchua maharage, nikitumaini atasema ni jambo dogo. Aliendelea kupukuchua.

"Yaani yule mzee anajihesabu mgonjwa," akasema, "na ugonjwa wenyewe ni wewe."

"Nikimwambia atanifukuza."

"Akufukuze. Una miaka mingapi? Unaogopa kukosa kazi ya kupima misumari?"

"Si misumari," nikasema.

"Najua si misumari," akasema, kwa upole safari hii. "Ndiyo maana nakwambia nenda."

Nilikwenda. Mzee alikuwa amekaa kwenye baraza la ghorofa, blanketi magotini, magari ya Westlands yakipiga honi chini. Binti aliniletea chai, akaniona usoni, naye akaketi. Nilisema yote bila kuzunguka: udi, miski, mtungi, na mara zote nilizosema iko sawa, hasa ile ya mwisho. Binti akasema, "Papa, ni mimi nilimwambia." Mzee akainua kidole, si kwa hasira, kumwambia angoje zamu yake.

Alilisukuma blanketi pembeni. Halafu akaishika pua yake kwa vidole viwili, akaitikisa kidogo, kama mtu anayemtikisa rafiki aliyedhaniwa amekufa.

"Kumbe nzima," akasema. "Nzima kabisa."

Akacheka, kicheko kirefu, na mimi nikaanza kucheka naye kwa nafuu. Akamwambia binti alete chungwa. Akaanza kulimenya mwenyewe, ganda likarusha ule unyunyu wake, na baraza lote likanukia. Akalileta karibu na uso, akafumba macho. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kusikiliza chungwa namna ile. Nilimwona akishuka ndani yake ngazi kwa ngazi, utamu, ukali, uchungu wa ganda jeupe, na kila ngazi alipokanyaga ilimbeba. Nilishangaa kwamba kitu kikubwa hivyo kilikuwa kimefungiwa kwa maneno yangu mawili.

"Hili ni chungwa bivu," akasema. "Limekaa jua upande mmoja. Sivyo?"

Nikafungua mdomo kumjibu. Ilikuwa mazoea tu.

"Sikukuuliza wewe," akasema.

Hakupandisha sauti. Akamalizia kumenya, akanipa nusu, tukala. Tuliongea habari za mvua na za magoti. Nilipoinuka kuondoka aliniambia niache funguo za chumba cha nyuma kwa binti yake. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniita kijana, akaniombea safari njema mpaka Waithaka, kama mtu anayeagana na mgeni.

Binti ananipigia simu mara kwa mara, ni yeye aliyenieleza mengine. Mtungi wa zamani waliumwaga. Mzee amenunua mpya, ameuweka chumbani kwake, na amerudi kuloweka leleshwa. Binti na baba yake walisemezana, wakalia, wakapatana. Damu ni damu. Mwaka huu aliniambia imekamilika. Alisema baba yake aliichovya asubuhi moja na kusimama dirishani mpaka chai ikapoa, na hakumuuliza mtu yeyote kama iko sawa. Haiuzwi. Wanaalika watu wachache nyumbani, jamaa na majirani, wanasikia, inaondoka, wanakunywa chai.

Sijaalikwa. Binti alijitolea kuniletea kidogo kwenye kichupa, kwa siri, nikakataa, kwa sababu nimeshafanya jambo moja nyuma ya mgongo wa yule mzee na linatosha. Kwa hiyo mlima upo, mwendo wa gari moja kutoka kwangu, na mimi nilikuwa mtu wa pili duniani kuusikia, na sitausikia tena. Nimepoteza asubuhi zangu na mtu aliyenifundisha kusikia. Hicho ndicho "sawa" yangu ilichonigharimu.